Majina na Masimulizi: Kazi ya Kujitolea katika Kuhifadhi Historia ya Mathare

Historia ya mji wa Nairobi imeandikwa kwa muda mrefu kutokana na hati za serikali na magazeti. Kwa mtaa kama Mathare hati hizo hazitoshi, kwa kuwa aghalabu huutaja pale tu unapobomolewa, unapoungua au unapohesabiwa. Yaliyosalia yamo vinywani mwa wakazi, na kazi ya kuyakusanya imewaangukia zaidi watu wanaojitolea. Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja ya kazi hiyo, ambayo yawahusu wanaisimu kuliko wanavyodhani, nayo ni namna ya kuyaandika maneno ya msimulizi.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda kusini mwa Tanzania kuandika kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Huko Mathare, Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996, umewashirikisha wakazi katika kuzihesabu nyumba zao wenyewe. Nacho kituo cha Mathare Social Justice Centre kilitoa mwaka 2017 taarifa juu ya mauaji yasiyo na hukumu ya mahakama, ambayo ushahidi wake ulikusanywa pamoja na wakazi. Hakuna kati ya hivi kinachojiita chama cha historia. Lakini kazi ifanywayo ni ile ile.

Chanzo cha kwanza ambacho mwenye kujitolea hukutana nacho ni majina ya mahali. Bonde la Mathare, lililo kati ya Barabara ya Thika na Barabara ya Juja, lilikuwa na machimbo ya mawe ya ujenzi. Jina Mashimoni lingali linayataja mashimo hayo, ingawa nyumba zimeyafunika. Mabatini ni jina linalotokana na mabati. Kosovo ni jina ambalo halielekei kuwa la kabla ya vita vya 1998 na 1999, vilivyosikika humu kwa redio. Kwa hiyo msimulizi anayesema kuwa alihamia Kosovo ametaja tarehe bila kukusudia. Upande wa pili yapo majina ya namba: 3A, 3B, 3C, 4A, 4B. Namba ni lugha ya ramani na ya ofisi, japokuwa wakazi nao wameipokea wakaifanya yao.

Hata hivyo neno linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni 'kijiji' lenyewe. Msomaji wa kamusi huelewa kuwa kijiji ni makazi ya shamba. Mathare, kijiji ni sehemu ya mji iliyosongamana nyumba, na kwa maana hiyo neno limeingia hata katika jina la Muungano wa Wanavijiji. Iko maana ya tatu, nayo ndiyo nzito. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na katika miaka yake nyumba za Mathare zilibomolewa. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, ikawaweka katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na miiba, vikilindwa na askari wa nyumbani. Wakikuyu huviita gĩcagi, neno walilolipata kutoka Kiswahili. Hali ya Hatari ilipoondolewa mwaka 1960, watu walianza kurudi bondeni, na wako waliotoka katika vijiji hivyo.

Basi bibi mzee asimuliapo kwa Kikuyu kwamba mtoto wake alifia gĩcagi, na mwandishi akaandika kwa Kiswahili fasaha kwamba mtoto alifia kijijini, tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Lakini handaki limetoweka, na mlinzi wa lango pia. Msomaji atadhani kuwa mtoto alikufa nyumbani kwao, miongoni mwa jamaa. Makosa ya namna hii ni mabaya kuliko makosa ya tahajia, kwa sababu hayaonekani.

Vivyo hivyo kwa vijana. Shahidi wa miaka ishirini husema 'karao', naye mwandishi, kwa kuionea haya Sheng, huandika 'afisa wa polisi'. Tukio limebaki, ila msimamo wa msemaji umefutwa, na pengine msimamo huo ndio uliokuwa ushahidi. Ni ajabu kwamba idara za Kiswahili zimeijadili Sheng kwa miaka mingi kama tatizo la shule, na mara chache kama lugha ambayo mtu huitumia kueleza kifo cha ndugu yake.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Maneno huandikwa kwanza katika lugha ile ile yaliyotamkwa, pamoja na michanganyo yake. Kisha hufasiriwa pembeni. Kisha msimulizi husomewa yaliyoandikwa ili asahihishe. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kukosa muda. Jina la msimulizi nalo lihifadhiwe mbali na maneno yake, hasa pale anaposhuhudia mauaji. Yafaa pia ikumbukwe kuwa Mau Mau ilikuwa chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Wazee wengi walizoea kunyamaza, na ukimya wao usichukuliwe kuwa ni usahaulifu.

Muda wenyewe ni mfupi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1954 wamebaki wachache. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Mathare, na mwezi uliofuata nyumba zilizokuwa kando ya mto zilibomolewa kwa amri ya serikali. Ramani itaonyesha ukingo mtupu. Vijitu vya kukalia, vichochoro na vivuko vilivyokuwa hapo vilikuwa na majina yaliyojulikana na wapitaji tu, na watu hao sasa wametawanyika Huruma, Kariobangi na mbali zaidi. Anayejitolea leo huanza kwa kuwatafuta hao, na swali lake la kwanza ni kwamba hapa paliitwaje.