Laptopu imegoma kuwaka? Subiri kwanza, usikimbilie kufomati!

Leo nataka nijicheke mwenyewe kabla hujanicheka wewe, maana kisa ninachokuletea mchawi wake ni mimi.

Dada yangu anakaa hapa hapa Cheyo, Tabora mjini, na ana kibanda chake cha stesheneri. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anatengeneza picha za pasipoti, maisha yanakwenda. Mtambo wa kazi ni laptopu moja ya mtumba, ambayo betri yake ilishakufa zamani. Ukichomoa waya tu, imezima.

Sasa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya dada haina ubavu wa kubeba Windows 11. Mimi, mtaalamu wa mtaa, kidato cha nne na ujuzi wa kusomasoma, nikamwambia: "Dada, acha nikuwekee Ubuntu pembeni ya Windows, ni ya bure." Ili iingie, lazima diski ikatwe vipande viwili, na vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa partisheni. Nikaanza kukata saa nne asubuhi. Hata robo saa haijafika, umeme ukakatika!

Betri imekufa, kumbuka. Kioo kikawa cheusi ti. Umeme uliporudi nikabonyeza swichi, nikakutana na maandishi meupe: "No bootable device". Kwa lugha yetu, mashine inasema haioni pa kuwakia. Nikazima, nikawasha, nikapiga na dua. Wapi!

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Kwenye ile laptopu kulikuwa na ripoti ya utafiti ya binti mmoja wa chuo, inayotakiwa kukabidhiwa Jumatatu, na siku hiyo ni Ijumaa. Lakini hiyo si kitu. Mle ndani ndimo ilimokuwa sauti ya mama yetu. Mama alifariki mwaka juzi, na dada alimrekodi kwa simu, dakika kumi na moja, akisimulia jinsi alivyoolewa na baba. Simu ile iliibwa. Sauti ikabaki kwenye laptopu tu, sehemu moja basi.

Dada hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mdogo wangu, mama yumo humo."

Tukaipeleka kwa fundi. Akaitazama dakika mbili, akasema, "Dada, hii imekwisha. Tufomati, niweke Windows mpya, elfu ishirini tu, jioni unachapa kama kawaida."

"Na vitu vilivyomo?" dada akauliza.

"Vya humo ndio basi tena."

Mpenzi msomaji, hapa ndipo watu wengi tunapouawa. Kukatika kwa umeme mara nyingi hakumalizi mali yako. Kinachoimaliza ni haraka ya kutaka mashine iwake. Tukaifunga laptopu, tukaondoka nayo.

Nikampigia mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari, siku hizi anafanya kazi za kompyuta Mwanza. Swali lake la kwanza likawa, "Umeandika chochote kwenye diski tangu izime?" Nikamwambia sijagusa. "Safi. Izime, chomoa waya, na asikudanganye mtu."

Alinieleza kwa mfano ambao mtu wa Tabora hawezi kukosa kuuelewa. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na mpaka leo hapa ndipo njia zinapoachana, moja inakwenda Kigoma, nyingine Mwanza. Sasa tuseme yule anayegeuza reli katoroka kazini na daftari lake. Treni itasimama, haijui ishike njia ipi. Je, mizigo ndani ya mabehewa imepotea? Haijapotea, ipo pale pale! Je, utayachoma moto mabehewa kwa sababu mtu wa reli hayupo? Basi kufomati na kuweka Windows mpya juu yake ndiyo kuchoma mabehewa.

Ukibonyeza swichi, laptopu yenyewe haijui kitu. Inakwenda mwanzoni mwa diski kusoma orodha inayosema partisheni hii inaanzia hapa, inaishia pale, na mfumo wa kuwashia uko humu. Katika mtindo wa zamani uitwao MBR, uliopo tangu mwaka 1983, orodha hiyo ina nafasi ya partisheni nne tu na inachukua baiti 64. Umesikia? Baiti 64! Picha yako moja ya harusi ni kubwa kuliko hiyo mara maelfu. Ikiharibika hiyo orodha, diski nzima inaonekana tupu, kumbe imejaa tele. Mtindo mpya uitwao GPT una akili zaidi, kwani unaweka nakala ya pili ya orodha mwishoni kabisa mwa diski.

Sasa tulifanyaje? Nakupa hatua kwa hatua, kata kipande hiki ukitunze.

Kwanza, acha kuiwasha-washa. Na kama diski inagonga ko-ko-ko au inakwaruza, hilo ni tatizo la chuma na si la orodha. Hapo usijaribu lolote, tafuta mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Pili, tafuta njia ya kuwasha mashine bila kutegemea diski yake. Niliazima kompyuta ya jirani, nikapakua SystemRescue, mfumo wa bure unaokaa kwenye flashi. Nikachomeka flashi kwenye laptopu ya dada, nikachagua iwakie hapo. Mfumo huo unafanya kazi ndani ya kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo diski inabaki haijaguswa mpaka wewe mwenyewe uamue.

Tatu, azima diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Usije ukaokoa mafaili halafu ukayaweka kwenye diski ile ile unayoiokoa! Ni sawa na kuteka maji kisimani na kuyamwaga humo humo.

Nne, fungua programu ya TestDisk, ambayo imo tayari kwenye SystemRescue. Aliyeitunga ni Mfaransa aitwaye Christophe Grenier na inatolewa bure. Unachagua diski yako, inakisia yenyewe kama ni ya mtindo wa MBR au GPT, unabonyeza "Analyse", kisha "Quick Search". Inapita kwenye diski ikitafuta alama za mwanzo wa partisheni. Ikileta orodha, bonyeza herufi P uone mafaili yaliyomo.

Nilibonyeza P mikono inatetemeka. Likatokea folda la dada. Ndani yake ripoti ya yule binti, na chini yake folda lililoandikwa MAMA. Dada alikaa chini sakafuni, khanga mdomoni.

Tano, na hapa ndipo utu uzima unapotakiwa, usikimbilie kurekebisha. Nakili mafaili kwanza kwenye diski ya nje, yote unayoyahitaji, uyafungue uhakikishe yanasoma. Baada ya hapo ndipo unaweza kuiambia TestDisk irudishe orodha, kwa "Write". Nasi tulifanya hivyo hivyo.

Sita, Windows ikigoma bado, tumia flashi ya kuwekea Windows, lakini usichague kuweka upya, chagua kukarabati, pale palipoandikwa "Startup Repair". Ya kwetu iligoma hata hapo. Basi tukamrudia yule yule fundi, akafomati, akapata elfu ishirini yake. Si mtu mbaya, tena kazi yake aliifanya vizuri. Tofauti ni kwamba safari hii mali ilishatoka ndani ya nyumba kabla haijabomolewa.

Nisikudanganye kwamba kila mgonjwa anapona. Kama umeme umekatika wakati partisheni inahamishwa, nusu ya vitu inaweza kuwa kule na nusu huku. Hapo kuna PhotoRec, ndugu yake TestDisk, ambayo inaokota mafaili moja moja bila kujali orodha, ila majina yake yanapotea, ukae uchambue kama mchele. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, bila ule ufunguo wa tarakimu 48 hutasoma kitu, kwa hiyo uandike leo na uutunze. Na diski za kisasa za SSD ukishazifomati zinaweza kufuta kabisa vya zamani ndani ya muda mfupi, hata PhotoRec isikute kitu. Ndiyo maana nasema kufomati kusubiri.

Mimi nimejifunza mawili. Kwanza, usikate diski kwa mashine isiyo na betri, hata kama umeme unaonekana umetulia kama maji mtungini. Pili, kitu kilicho sehemu moja tu hesabu kwamba huna. Sasa sauti ya mama iko kwenye laptopu, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, na kwenye simu ya shangazi.

Jumamosi usiku tuliisikiliza, dada, mimi na watoto. Mama anasimulia vizuri, anacheka, halafu mwishoni anasikika akifoka, "Hebu zima hicho kidude, mboga yangu inaungua!" Watoto wakacheka mpaka machozi. Sisi wengine tulikuwa na machozi tayari.

Binti wa chuo naye alikabidhi ripoti yake Jumatatu asubuhi. Mpaka leo hajui kilichotokea, na wewe msomaji ukikutana naye usimwambie!

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na kabla hujalala usiku huu, nakili kitu kimoja unachokipenda.