Mashine ya Bwawa Haiui Vijidudu

Wazazi wenye bwawa la kuogelea nyumbani siku hizi huuziwa roboti, yaani mashine inayotembea yenyewe chini ya maji ikifagia na kunyonya uchafu. Je, ni lazima kununua ya bei kubwa? La, hasha.

Kama bwawa ni dogo na sakafu yake imenyooka, mashine ya kusafisha sakafu tu yatosha. Kuta zisugueni kwa brashi kila juma. Kabla ya kulipa, angalieni haya:

1. Waya ufike kila pembe ya bwawa. Kama ni ya betri, ulizeni bei ya betri mpya, maana betri huchakaa.
2. Chujio liwe rahisi kutoa na kuosha.
3. Vipuri vipatikane.
4. Transfoma ikae pakavu, mbali na maji. Mashine ikifanya kazi, mtu yeyote asiingie bwawani.

Lakini kumbukeni: mashine huondoa majani, mchanga na utelezi, haiui vijidudu vya kuhara. Kazi hiyo ni ya klorini. Maji yaweza kung'aa na bado yakaleta ugonjwa. Pimeni mara kwa mara: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8.

Mtoto anayeharisha asiogelee kabisa. Kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu huweza kuishi zaidi ya siku 7 hata katika maji yenye klorini ya kutosha.

Basi, nunueni mashine ya kadiri, na fedha itakayobaki iwe ya dawa na vipimo.