Je, Kuna Faida Kujiunga na Chama cha Wanafunzi Chuoni?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa Kiswahili hapa Kinanira hutuuliza: "Mwalimu, nijiunge na chama au nishike masomo tu?" Wengine huongeza kwa sauti ya chini: "Nimesikia wageni hutendewa mambo." Katika makala haya tumeonelea vyema kuyajadili maswali hayo mawili pamoja, kwani jibu la kwanza hutegemea la pili.

Vyama vya aina hii si vipya. Huko Marekani, Phi Beta Kappa kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia, na wanafunzi waliotaka kujadiliana kwa uhuru. Mwaka 1906 wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha ili wasaidiane katika mazingira yaliyowabagua. Hata pwani yetu ilikuwa na mfano wake. Vikundi vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti vya Tanganyika, vilikuwa na sare na vyeo, vilishindana vikali, lakini pia vilimpokea mgeni mjini, vilimuuguza mgonjwa na kumzika maiti. Kwa hiyo kiini cha chama ni kusaidiana.

Tatizo huanza pale kiingilio kinapokuwa fedheha. Hapa kwetu, waliosoma shule za bweni wanaijua desturi ya kuwatesa wanafunzi wageni, yaani *kunyuzura* kwa Kirundi. Sisi wenyewe tulipigishwa magoti na waliotutangulia, na mwaka uliofuata tukawapigisha wengine, tukijiambia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo tunaona tuliitumia vibaya methali hiyo. Methali yazungumzia juhudi, haizungumzii kudhalilishwa.

Madhara yake yaweza kuwa makubwa. Mnamo Desemba 2018, nchini Ubelgiji, mwanafunzi wa Leuven mwenye umri wa miaka 20 alifariki baada ya kuingizwa katika chama kilichoitwa Reuzegom. Alinyweshwa pombe na mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi, akakalishwa ndani ya shimo lenye maji baridi. Mwaka 2023 mahakama iliwatia hatiani wanachama 18. Wote walikuwa vijana wasomi. Tunachojifunza ni kwamba mtu mmoja mmoja huenda asingethubutu, lakini kundi lilifanya ukatili uonekane mila.

Je, basi mwanafunzi wetu akae peke yake? La hasha. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa Bujumbura, chama kizuri ni darasa la pili. Masomo mengine huyasoma kwa Kifaransa, na akitoka darasani huzungumza Kirundi na wenzake. Akienda Buyenzi atasikia Kiswahili kingi, lakini hakuna atakayemsahihisha akisema "niko nasoma" badala ya "ninasoma". Katika kikao cha chama, hata hivyo, hulazimika kuunga mkono hoja, kupinga kwa adabu, kusoma ajenda na kuandika kumbukumbu. Mwenyekiti hujifunza kuongoza mjadala; katibu hujifunza barua rasmi; mweka hazina hujifunza kutoa hesabu mbele ya watu. Rejesta hiyo hatuwezi kuifundisha kikamilifu ubaoni. Aidha, kupitia CHAWAKAMA, yaani Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki, mwanafunzi hukutana na wenzake wa nchi jirani, akagundua kama Kiswahili chake chaeleweka nje ya Bujumbura.

Kabla ya kujiunga, tunashauri mwanafunzi aulize maswali manne:

1. Je, chama kina katiba iliyoandikwa, na mgeni huruhusiwa kuisoma kabla ya kujiunga?
2. Je, michango hutolewa hesabu hadharani?
3. Je, mwanachama mpya hupewa kazi ya kufanya, au hupewa adhabu ya kuvumilia?
4. Je, mtu anaweza kukataa jambo, au kujitoa, bila kutishwa?

Chama kinachojibu maswali hayo waziwazi kinastahili saa mbili au tatu za juma lako. Kinachojibu kwa kusema "utajua ukishaingia", kikimbie.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Tusiishie kupewa vyeo vya ulezi wa chama. Tuhudhurie vikao, hasa siku ya kuwapokea wageni. Mgeni na apokewe kwa mjadala, shairi au kisa, naye apewe nafasi ya kusema. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole havikuumbwa viumizane.