Dada, mimba ni changa? Itazame na shingo!

AKINA dada wa mjini tuna mtindo wetu: mimba ikiingia, kimya! Shoga haambiwi, jirani haambiwi, hata mama mkwe anasubiri tumbo lijitangaze lenyewe. Hasidi hana sababu, si ndiyo? Na kliniki mpaka mwezi wa tano huko.

Kaa chonjo. Wiki hizo hizo za kimya kimya ndizo zinazoipa kazi tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo chini kidogo ya kikoromeo. Homoni zake zinaendesha mwendo wa mwili: moyo, joto, hata choo. Mtoto tumboni haanzi kutengeneza za kwake mpaka kama wiki ya 12, na hapo ni kwa kusuasua. Kabla ya hapo anategemea za mama tu, kwa hiyo tezi ya mama lazima ichape kazi ya watu wawili.

Ikishindwa, au ikizidisha mno, na isitibiwe, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa chini ya kilo 2.5. Na wale wanaosema eti mtoto mdogo ni rahisi kumzaa wasikupoteze. Huyo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida na maradhi humwandama. (Si kila mtoto mdogo ni tezi, jamani, malaria na upungufu wa damu vimo pia.)

Tatizo ni kwamba ugonjwa wenyewe una ujanja. Uchovu, choo kigumu, kunenepa: nani hatasema ni mimba? Lakini ukisikia baridi wakati Dar nzima inajipepea, au moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, mwambie daktari. Kipimo ni cha damu tu, kinaitwa TSH. Aliyewahi kuvimba shingo au kupasuliwa tezi asingoje dalili, awahi mapema.

Na wewe unayemeza vidonge vya tezi iliyolegea, usiviache kwa kuogopea mtoto! Mara nyingi daktari huongeza dozi. Ila usivimeze pamoja na vidonge vya damu, maana vinazuiana. Pitisha saa nne.

Halafu kuna chumvi. Bila madini joto tezi haina malighafi, na mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine 150 zinamtosha. Kuanzia 1986 serikali yetu iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizosumbuliwa na goita. Mwaka 2009 watafiti Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha matokeo: watoto waliokingwa tangu mimba changa walisonga mbele zaidi shuleni, wasichana hasa. Kumbe faida si kilo tu!

Chumvi yako ifunike, iweke mbali na jua na mvuke wa jiko, uitie mboga ikikaribia kuiva. Na pakiti isiyoandikwa madini joto, mrudishie mwenye duka.