Mazabodi Yenye Nafasi ya Mgeni

Kompyuta ya mezani ikisifiwa, sifa huenda kwa prosesa na kadi ya grafiki. Mazabodi hakuna anayeitaja, na hilo huniudhi, maana ndiyo inayoamua kama mwakani utanunua kipande kimoja au utaanza upya. Prosesa mpya inakataliwa na soketi. Unatafuta mazabodi yenye soketi yake, RAM uliyo nayo haiingii. Ukishapata RAM mpya, kadi yako ya grafiki haina pa kukaa. Ulitenga laki moja, unajikuta unahitaji laki sita. Wengi wetu tunajenga kompyuta kama tunavyojenga nyumba, msingi mwaka huu, mabati Mungu akijalia, lakini viwanda hupanga bidhaa zao kana kwamba kila mteja hulipa mara moja na kuhamia.

Ndiyo maana nina mapenzi na mazabodi moja ya mwaka 2005, ASRock 939Dual-SATA2.

Kipindi kile kilikuwa kibaya kununua chochote. Kadi za grafiki zilikuwa zinahama kutoka sloti ya AGP kwenda PCI Express, iliyoingia sokoni 2004. RAM ilikuwa inatoka DDR kwenda DDR2. AMD walikuwa na soketi 939, mpya kabisa, na tayari ilijulikana kwamba mrithi wake yuko njiani. Mwenye kadi nzuri ya AGP aliambiwa auze kwa hasara au abaki alipo. Zilikuwepo mazabodi zilizojidai kubeba sloti zote mbili, ila nyingine zilikuwa na ujanja ndani yake: ile AGP ilikuwa njia ya PCI ya kawaida iliyovalishwa umbo la AGP. Kadi iliwaka vizuri, halafu mchezo ukichangamka picha zinaanza kukatika.

ASRock hawakufanya hivyo. Walichukua chipu mbili za kampuni ya Taiwan iitwayo ULi, M1695 na M1567. Ya kwanza ilibeba PCI Express kamili, ya pili AGP kamili, na zote mbili ziliunganishwa kwa njia ya kasi iitwayo HyperTransport. Leo unatumia kadi yako ya zamani, ukipata hela unachomeka mpya. Hapo tu ingetosha kuipenda.

Lakini kando ya sloti hizo palikuwa na nyingine ya njano, ambayo siku unanunua haikuwa na kitu cha kuchomekwa duniani kote. Ilikuwa inangoja prosesa ambazo AMD walikuwa bado hawajaziuza.

Inawezekanaje? Zamani prosesa haikuzungumza na RAM moja kwa moja. Ilipitia chipu iliyoko kwenye mazabodi. Mwaka 2003 AMD walitoa Athlon 64, na ndani yake wakaingiza kile kidhibiti cha RAM. Tangu hapo nyaya za RAM zikawa zinaishia kwenye prosesa yenyewe, na kilichobaki kati ya prosesa na mazabodi yote iliyobaki ni ile HyperTransport peke yake. Watu wa ASRock wakaona mwanya. Ukiweka soketi mpya na sloti za RAM mpya juu ya kadi ndogo, kisha ukapitisha HyperTransport kwenye meno ya kadi hiyo, mazabodi haina sababu ya kugoma. Kadi yenyewe iliitwa AM2CPU Board, ikibeba soketi AM2, mrithi wa 939, na nafasi za DDR2. Kuifunga kulitaka subira: unachomoa vijampa vidogo vya plastiki kwa kibano, safu nzima, unavihamishia upande wa pili ili ishara ziache soketi ya zamani na kuelekea kwenye kadi. Kijampa kimoja kikikosewa, kioo hakiwaki.

AM2 ilitoka Mei 2006. Walionunua mazabodi mwaka uliotangulia walikuwa wamekaa miezi wakitazama sloti tupu, na wakati huo maduka yakaanza kuuza mazabodi kamili za AM2. Nvidia, waliokuwa wakiuza chipu zao wenyewe za mazabodi, walikuwa wameshatangaza kuinunua ULi Desemba 2005. Ukoo ule wa chipu ukaishia hapo. Sisemi waliinunua ili waizike, lakini mtu aliyetaka kupanda ngazi kidogo kidogo hakuna aliyemkumbuka mezani.

Linganisha na Intel. Soketi yao LGA1151 ya 2015 na ile ya prosesa za kizazi cha nane za mezani, 2017, zina idadi ileile ya vituo na umbo lilelile. Prosesa mpya inaingia kwenye soketi ya zamani na kufungika vizuri, ila kompyuta haiwaki. Mteja anarudi dukani akiwa na hakika kauziwa kitu kibovu.

AMD nao si malaika. Mwaka 2019 walitoa prosesa za Ryzen 3000 pamoja na mazabodi za X570, ghali na zenye feni yake juu ya chipu. B550, ya watu wa kawaida, ikafika Juni 2020. Karibu mwaka mzima wa kungoja. Mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wametangaza kwamba mazabodi za zamani za B450 hazitapokea prosesa za kizazi kinachofuata, kelele zikapigwa, wakageuka. Kikwazo walichokitaja ni kidogo hadi kinachekesha: chipu ya BIOS yenye megabaiti 16, isiyotosha kuhifadhi maelezo ya prosesa zote. Baadhi ya watengenezaji walipunguza mapambo ya menyu na kufuta prosesa za zamani ili mpya zipate nafasi. Kwa hiyo fundi wa soketi AM4, ya Ryzen hizo, na awe na Ryzen ya kwanza kwenye droo, ya kuwashia mazabodi za zamani kabla hazijasasishwa. Aliyengoja alivuna: mazabodi kadhaa za 2017 zilikuja kupokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022.

Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, tunaletewa zaidi mitumba ya maofisini, na nyingi zimefungwa makusudi. Plagi ya umeme ni ya kiwanda kile tu, boksi halipokei mazabodi nyingine. Feni ya pawa saplai ikifa, mashine nzima inapelekwa kwa wanunua vyuma chakavu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Wanaoandika sheria za uagizaji huuliza umri wa kompyuta. Wangeuliza kwanza kama inafunguka.

939Dual ukiipata usiipime kwa kilo. Inacheza michezo ya enzi za Windows XP, inapima kadi za AGP na za PCI Express, inasoma diski za IDE zenye picha za harusi za watu, inaendesha printa za zamani, flopi pia, na betri yake ni CR2032, ya duka lolote la saa.