Wapishi Wapo, Mpishi Mkuu Haonekani: Vibali vya Kazi na Majiko ya Hoteli za Bagamoyo

Wamiliki wa hoteli katika pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo, Saadani na Pangani, hulalamikia uhaba wa wapishi. Watu wa pwani hii wanajua kupika. Mji ulioishi kwa samaki, nazi na mchele kwa karne nyingi hauwezi kukosa mtu wa kusimama jikoni. Anayekosekana ni yule wa ngazi ya juu: anayepanga menyu, anayepiga hesabu ya gharama ya kila sahani, anayekagua friji, anayepanga zamu na kumfundisha kijana aliyeanza kazi jana. Huyo ndiye mpishi mkuu, au shefu kama anavyoitwa hotelini. Kwa nafasi hiyo wamiliki wengi hutazama nje ya nchi, na hapo jambo la jikoni hugeuka jambo la kisheria.

Jiko la hoteli kubwa lina ngazi zake. Chini wako wanaoosha vyombo na masufuria. Juu yao wako wapishi wasaidizi, kisha wapishi wa idara: wa saladi na vyakula baridi, wa nyama na samaki, wa mikate na keki. Juu kabisa yuko mpishi mkuu na naibu wake. Mpangilio huu, unaohusishwa na Mfaransa Auguste Escoffier wa mwishoni mwa karne ya 19, ulikusudiwa hoteli za mijini zenye mamia ya wageni. Bagamoyo hali ni tofauti. Hoteli yenye vyumba 20 haimudu watu wote hao, hivyo mpishi yuleyule hukaanga mayai na kusukuma chapati alfajiri, huandaa bufee ya semina mchana, na usiku yuko kwenye mkaa akichoma pweza na kamba. Anajua kazi nyingi kwa vitendo, lakini hapati nafasi ya kukaa chini na daftari la hesabu.

Umuhimu wa daftari hilo unaonekana vizuri kwa samaki mmoja. Tuseme hoteli imenunua mnadani pwani kolekole wa kilo 10 kwa shilingi 12,000 kilo, jumla shilingi 120,000. Mpishi asiyefundishwa hesabu atagawa kwa uzito wa samaki mzima na kuona kwamba kipande cha gramu 200 kimegharimu shilingi 2,400. Lakini ukiondoa kichwa, matumbo, miba na ngozi, minofu inayobaki haifiki nusu. Ikiwa ni kilo nne na nusu, vinapatikana vipande 22, na kila kimoja kimegharimu karibu shilingi 5,450, kabla ya mafuta, ndimu, mkaa na mshahara. Hoteli iliyopanga bei kwa hesabu ya kwanza inauza chakula kitamu kwa hasara mwaka mzima bila kujua fedha zinavujia wapi. Shefu aliyebobea hapotezi hata kichwa na miba: vinakwenda kwenye supu, na supu ina bei yake kwenye menyu. Vivyo hivyo kwa usafi. Kamba wanaovuliwa karibu na mlango wa mto Ruvu huharibika haraka, na umeme ukikatika usiku lazima awepo mtu anayejua kipi kinafaa kuendelea kutumika na kipi kinakwenda jalalani. Hoteli inayopokea watu 80 wa semina haiwezi kubahatisha hapo.

Uhaba wa watu wa namna hii una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikiendesha hoteli za ufukweni kupitia Shirika la Utalii la Tanzania, zikiwemo za Kunduchi na Bahari Beach, na ilihitaji watumishi wa kuziendesha. Mafunzo ya hoteli yalifanyika Forodhani, Dar es Salaam, katika jengo linalotazama bandari. Lilikuwa klabu ya Wazungu wakati wa ukoloni, na baadaye likawa makao ya Mahakama ya Rufani. Ni majengo machache nchini yaliyohama kutoka ulevi hadi upishi hadi hukumu. Kenya nayo ilifungua Chuo cha Utalii mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika na mpaka ukafungwa. Utalii wa Kenya uliendelea kukua, na vijana wake walipanda ngazi katika hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa, wakati sekta hiyo Tanzania ilidumaa. Serikali ilipouza au kukodisha hoteli zake na wawekezaji wakaingia katika miaka ya 1990, watu wenye miaka 15 jikoni wanaozungumza Kiswahili walikuwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Ndiyo maana Wakenya wamekuwa wengi katika nafasi za juu za hoteli za Tanzania, na ndiyo maana suala hili huzua maneno makali kila linapoguswa.

Upande wa mafunzo haukusimama. Wakala wa Chuo cha Taifa cha Utalii ulianzishwa mwaka 2003 na una kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina chuo chake cha hoteli na utalii huko Njiro, Arusha. Vyuo hivi hutoa vijana kila mwaka. Hata hivyo cheti hakimfanyi mtu mpishi mkuu. Kutoka mpishi msaidizi hadi kuongoza jiko huchukua miaka kumi au zaidi katika majiko yenye kazi nyingi na viongozi wazuri, na chuo hakiwezi kuifupisha miaka hiyo.

Sheria inayotawala ajira ya raia wa kigeni Tanzania Bara ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kabla yake mamlaka zaidi ya moja zilikuwa na sauti juu ya nani aruhusiwe kufanya kazi. Sheria hiyo ilikabidhi utoaji wa vibali vya kazi kwa Kamishna wa Kazi. Vibali vimegawanywa kwa madaraja: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa fani zilizotajwa mahsusi kuwa na uhitaji, kama vile tiba, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, C kwa fani nyinginezo, D kwa wafanyakazi wa taasisi za dini na hisani, na E kwa wakimbizi. Upishi haumo kwenye daraja B. Mpishi mkuu wa kuajiriwa huombewa daraja C, na mwajiri ana kazi ya kuthibitisha kwamba mtu huyo anahitajika.

Anayeomba ni mwajiri. Hupeleka mkataba, maelezo ya kazi, vyeti na wasifu wa mtaalamu, pamoja na ushahidi kwamba nafasi ilitafutiwa Mtanzania na hakupatikana anayefaa. Kwa wapishi, sharti la vyeti huleta mvutano usiokuwepo kwa wahandisi au wahasibu. Wapishi wengi hodari duniani walianza kwa kuosha vyombo na hawana shahada ya kuonyesha. Karatasi zao ni barua za waajiri waliopita, na ofisa wa serikali ana haki ya kuzitilia shaka. Kibali cha kazi kikipatikana, safari haijaisha: Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, na mtu huhitaji vyote viwili. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa. Shefu akihama kutoka hoteli moja kwenda nyingine, maombi yanaanza upya. Maombi yakikataliwa, sheria inaruhusu kukata rufaa kwa Waziri. Kumtumia mtu bila kibali ni kosa kwa mwajiri na mwajiriwa pia, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili.

Mwekezaji aliyesajiliwa ana nafuu fulani. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimruhusu mwenye cheti cha uwekezaji kuleta hadi watu watano mwanzoni mwa mradi, na sheria ya 2022 iliyoifuata ilipanua idadi hiyo hadi kumi. Nafuu hii huzifaa hoteli kubwa. Nyumba ya wageni ya familia iliyoko kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, isiyo na mwanasheria wala ofisa utumishi, haifiki huko.

Kiini cha sheria ya 2015 ni mpango wa urithishaji. Mwajiri anayeleta mtaalamu wa kigeni hutakiwa kuonyesha jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kushika nafasi hiyo. Sheria ilipotungwa, kibali kilikuwa cha miezi 24, na pamoja na kuongezwa kisivuke miaka mitano, isipokuwa kwa wawekezaji. Wazo lenyewe ni zuri: mgeni aje, afundishe, aondoke. Tatizo ni kwamba mpango unaweza kuandikwa vizuri na kubaki kwenye faili. Mpishi mkuu anayejua kwamba kumfundisha naibu wake ni kujifupishia mkataba hana haraka ya kumwonyesha vitabu vya gharama. Mmiliki naye, wakati wa msimu, hutaka chakula kitoke mezani, na mafunzo husubiri. Kipimo cha kweli ni kidogo na kinaonekana: nani anapiga simu kuagiza bidhaa siku shefu yuko likizo, na nani anasaini hesabu ya mwezi. Kama miaka miwili imepita na jibu bado ni shefu mwenyewe kwa simu kutoka kwao, mpango haujafanya kazi.

Zanzibar inafuata utaratibu wake. Uhamiaji ni jambo la Muungano lakini kazi na ajira si la Muungano, kwa hiyo vibali vya kazi visiwani hutolewa chini ya Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 ya Zanzibar. Mpishi wa kigeni mwenye kibali cha Bagamoyo hawezi kuvuka bahari na kuanza kazi Nungwi kwa kibali hichohicho. Kwa upande wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama, ila kila nchi iliweka orodha yake ya kada inazozifungulia. Mkenya bado anahitaji kibali kufanya kazi katika hoteli ya Tanzania.

Hata vibali vikitolewa kwa wepesi, Bagamoyo ingebaki na shida ambayo sheria haiigusi: wanaofundishwa huondoka. Mji uko kilometa zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, na biashara yake hutegemea wikendi, semina na msimu, pamoja na tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha mjini hapo. Agizo la serikali la mwishoni mwa 2015 la kubana semina na kutumia kumbi za umma liliziumiza hoteli zilizoishi kwa mikutano. Kisha ikaja korona: watalii wa kimataifa nchini walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Wapishi waliopunguzwa walifungua vibanda vyao, wakaenda kambi za Serengeti, hoteli za Zanzibar au nchi za Ghuba. Idadi ya watalii ilipovuka milioni mbili mwaka 2024, wengi wao hawakuwa na sababu ya kurudi kwenye mkataba wa miezi mitatu au kazi ya deiwaka. Mwenye hoteli anayesema hakuna wapishi mara nyingi anamaanisha kwamba hakuna wapishi kwa mshahara anaotoa, na maofisa wa kazi wanalijua hilo.

Nchi nyingine zimepitia mabishano hayohayo. Uingereza iliwahi kuwaweka wapishi wenye ujuzi kwenye orodha ya kazi zenye upungufu, kwa kilio cha migahawa ya vyakula vya Asia ya Kusini, lakini kwa miaka kadhaa ikaweka sharti kwamba mgahawa usiwe unauza chakula cha kubeba. Lengo lilikuwa kutenga ujuzi halisi na kazi ya kawaida. Matokeo yake migahawa mingi ya mitaani iliachwa nje, kwa kuwa karibu yote huuza chakula cha kubeba.

Nchini, njia mbili zimeonyesha matumaini zaidi ya mvutano wa vibali. Ya kwanza ni uanagenzi wa hoteli ulioanzishwa katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa Chuo cha Taifa cha Utalii, vyama vya waajiri na Shirika la Kazi Duniani. Mwanafunzi hugawa muda kati ya darasa na jiko lenye wateja wa kweli, na hoteli hupata nafasi ya kumjua kabla ya kumwajiri. Ya pili ni urasimishaji wa ujuzi, unaosimamiwa na VETA: mtu aliyejifunzia kazini, hata kama ni mama lishe wa miaka 20, hupimwa kwa vitendo, huongezewa anachokosa na kupewa cheti. Kwa mji kama Bagamoyo hii ya pili ina uzito wa pekee, kwa kuwa wajuzi wa samaki na nazi wako tayari mitaani na wamekosa karatasi ya kuwapitisha mlango wa hoteli.

Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilometa 256, inajengwa, na ikikamilika itaunganisha fukwe ambazo leo zinafikika kwa taabu. Hoteli zitakazofuata nyingi zitakuwa ndogo. Kwao kumleta shefu wa kigeni kwa mkataba mzima ni gharama kubwa, na kwa kuwa kibali chake kimefungwa kwa mwajiri aliyemwombea, hoteli tatu jirani haziwezi kuchangia mtu mmoja kiholela. Mpishi mkuu Mtanzania hana kizuizi hicho. Anaweza kuwa Bagamoyo Jumatatu na Jumanne, Saadani katikati ya wiki na Pangani mwishoni, akipanga menyu, akikagua hesabu na kufundisha wapishi wa kila jiko, huku gharama yake ikigawanywa kwa tatu.