Ekzosi Inapokwaruza Tuta

Watu watano ndani, viroba viwili vya mchele kwenye buti, na mbele kuna tuta la kijiji. Dereva anapunguza mwendo mpaka gari linakaribia kusimama. Matairi ya mbele yanapanda, yanashuka, kisha kutoka chini ya viti inasikika: krrrrr. Abiria wa nyuma anauliza kimegonga nini. Dereva hajibu. Anajua ni ekzosi, na tayari anawaza fundi atamtoza kiasi gani.

Kilio cha ekzosi iliyo chini ni cha wenye Premio, Allion, Corolla na Mark X, Tanzania, Kenya na Uganda. Mengi ya magari haya yalitumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam au Mombasa. Sheria ya Japani inaridhika gari likiwa na sentimita 9 tu kutoka ardhini. Watengenezaji ni wakarimu kuliko sheria: magari madogo ya familia kwa kawaida hutoka kiwandani yakiwa na sentimita 14 hadi 16 hivi, lakini hapo hayajabeba mtu wala mzigo.

Mwenye gari humlaumu aliyelaza bomba pale chini, na hamtendei haki. Moshi unatoka kwenye injini mbele na unatakiwa utokee nyuma. Katikati kuna miguu ya abiria, na chini ya kiti cha nyuma kuna tangi la mafuta. Ule mwinuko ambao abiria wa kati hutanua miguu kuukwepa ndiyo njia aliyoachiwa bomba. Linalobaki limening'inia ni maungio na mafla, na hayo ndiyo hukutana na tuta.

Hesabu yenyewe haihitaji kalamu. Kati ya tairi la mbele na la nyuma Premio ina mita 2.7. Tuta fupi lenye kimo cha sentimita 10 likifika hapo katikati, kwenye zile sentimita 16 zinabaki 6. Sasa warudishe wale watu watano na mchele wao: springi zinajikunja sentimita kadhaa, na kama zimechoka kwa umri, gari lilikuwa limeshalala kabla hawajapanda.

Kuna matuta yenye adabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilibuni tuta la mgongo wa mviringo, kimo sentimita 10, lakini ukilipima kwa kufuata njia lina mita 3.7. Hilo ni refu kuliko nafasi kati ya matairi ya Premio, kwa hiyo gari zima linapanda juu yake, na chini ya sakafu zinapotea kama sentimita 5 tu. Mwenye haraka anarushwa. Anayekwenda taratibu anapita salama. Tuta ambalo wanakijiji hujijengea kwa udongo na mawe baada ya mtoto kugongwa ni jembamba na lina ncha, na haki ya kuwalaumu ni ndogo. Linasimamisha lori na basi. Bahati mbaya linamkwaruza hata dereva mstaarabu.

Hata hivyo si kila ekzosi inayokwaruza ilizaliwa chini. Chungulia uvunguni na utaona bomba halikukazwa kwa nati kwenye bodi. Limetundikwa kwa raba nene zenye matundu mawili: moja limevikwa kwenye ndoano ya bodi, jingine kwenye ndoano ya bomba. Injini hutikisika, bomba nalo hurefuka kidogo likipata moto, hivyo lazima liwe na nafasi ya kucheza. Joto la miaka huzikausha raba hizo, zikapasuka. Ikikatika moja, bomba linainama upande, na tuta lililopitika jana leo linakwaruza. Raba mpya ni kitu cha bei ndogo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi. Lakini dawa inayopendwa ni waya wa kufungia nondo. Waya haunyumbuki. Mtikisiko wote unahamia kwenye bodi, gari linaanza kuvuma ndani, na siku si nyingi bomba linapasuka pale lilipochomelewa.

Bomba huliwa na kutu pia, tena kutokea ndani. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Safari ndefu huyakausha. Safari fupi za kupeleka watoto shule huyaacha yametuama kwenye mafla, na tindikali kidogo ndani yake. Nje kuna hewa ya chumvi ya Tanga na Zanzibar, au ile chumvi inayomwagwa barabarani kaskazini mwa Japani wakati wa theluji, ambayo gari linaweza kuwa lilishakutana nayo kabla ya kupanda meli.

Likitoboka, wengi hulalamikia kelele tu. Kibaya zaidi ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Bomba lililokatika katikati linamwaga moshi chini ya sakafu. Vioo vimefungwa, abiria wanaumwa kichwa na kusinzia, wakidhani ni uchovu wa safari.

Wengine hukimbilia kunyanyua gari. Matairi makubwa husaidia kidogo mno: ukitoka 195/65 R15 kwenda 205/65 R15, gari linapanda milimita 6 na nusu tu. Spesa juu ya springi huongeza zaidi, ila ekseli za mbele zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na matairi huhitaji kupangwa upya. Kwa gari lililolala, springi mpya ni matumizi bora ya pesa hiyo hiyo.

Na bomba likipelekwa kuchomelewa, mwangalie fundi anaanza na nini. Mzoefu hufungua kwanza terminali ya betri, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuiunguza kompyuta ya gari, kisha anatazama tangi la petroli liko umbali gani na cheche.